Miezi nane na ruta ya gemu: NAT imefunguka, ila nusu ya kazi haikuwa ya ruta

Naingia mwezi wa nane na hii ruta kwa hiyo naona sasa naweza kuisemea bila kukurupuka. Jina la kampuni silitaji, maana mengi nitakayoyasema utayakuta kwenye ruta za makampuni mengine pia, na nachotaka mimi ni ujue uangalie nini kabla hujatoa hela yako. Ni zile nyeusi zenye antena sita, kwenye boksi neno gemu limeandikwa kubwa kuliko jina la ruta yenyewe, halafu pembeni ahadi kibao, itashusha pingi (muda wa safari ya kwenda kwenye seva na kurudi), itafungua NAT (ile kazi ya ruta ya kuvipitisha vifaa vyote vya nyumbani kwa anwani moja ya intaneti), itatanguliza gemu mbele ya kila kitu.

Kilichonisukuma kununua ni mdogo wangu. Yuko mbali, na kucheza pamoja Jumamosi usiku ndo njia yetu ya kukaa pamoja, sasa ikafika mahali kila nikimwita kwenye pati namsikia anasema "kaka nakuona upo ila sikusikii", mara nyingine yeye na rafiki yake wanaingia kwenye lobi mie naachwa nje, inazunguka inazunguka halafu inanitupa kwenye menyu. Nikaenda kwenye setingi za mtandao za Xbox nikapima, ikasoma NAT ni Strict. Kwa asiyejua, konsoli ikiwa Strict inaweza kuungana na walio Open tu, Moderate inaungana na Open na Moderate mwenzake, Open inaungana na wote. Mdogo wangu alikuwa Moderate. Kwa hiyo sisi wawili tulikuwa hatuwezi kukutana moja kwa moja hata tufanyeje, na mechi zilizokuwa zinakubali ni zile ambazo gemu ina seva zake kubwa wote mnaingia huko, ila sauti ya pati na zile gemu ambazo mchezaji mmoja ndo anakuwa mwenyeji zilikuwa zinagoma. Wenye PlayStation kwenu inaandikwa aina ya 1, 2 na 3, tatizo ni 3, ukiona 2 uko vizuri kabisa usihangaike kutafuta 1, hiyo 1 maana yake konsoli imechomekwa kwenye intaneti bila ruta katikati.

Bas nikanunua. Nikachomeka kebo kutoka kwenye boksi la kampuni ya intaneti kwenda kwenye ruta mpya, nikaunganisha konsoli, nikawasha UPnP, inayoruhusu kifaa kujiombea poti (yaani mlango kwenye ruta) chenyewe, kama kijitabu kilivosema, nikapima. Strict. Nikazima vyote nikawasha upya, Strict tena, na safari hii Xbox ikaongeza ujumbe kwamba imeona NAT mbili. Usiku ule niliirudisha kwenye boksi lake kabisa, asubuhi yake niirudishe dukani.

Iliyoiokoa ni ukurasa wake wa kwanza. Ukiingia kwenye anwani yake ya ndani kwa kompyuta, kitu cha kwanza unachokutana nacho juu kabisa ni mstari umeandikwa WAN, yaani upande wa intaneti, na namba ya IP (anwani ya kifaa mtandaoni) mbele yake, kubwa, huhitaji kuitafuta. Ya kwangu ilikuwa 192.168.1.7. Hapo ndo nikaelewa, kwa sababu namba inayoanza na 192.168 ni ya ndani ya nyumba, haiwezi kuwa ya upande wa intaneti, ni sawa na zinazoanza na 10, au zile za 172.16 mpaka 172.31. Yaani ruta yangu mpya ilikuwa imepewa namba na boksi la kampuni kama vile inavopewa simu au laptopu. Ni nyumba yenye geti mbili na walinzi wawili, mie nimemwambia mlinzi wa geti la ndani aruhusu wageni wa mdogo wangu, wa geti la nje hana habari, anawarudisha. Na UPnP ya ruta yangu ilikuwa inasema poti imefunguliwa, na kweli imefunguliwa, ila ni geti la ndani. Hili linachanganya watu wengi sana, unaona kila kitu kimeandikwa sawa na gemu bado inagoma.

Kwa hiyo hapa naipa ruta maksi zake zote. Ile ya kampuni niliyokuwa nayo mwanzo kuipata namba ya WAN ilibidi uingie menyu tatu ndani. Ruta inayokuambia ukweli wa mahali ilipo ina faida kuliko yenye antena kumi.

Sasa dawa ya geti mbili ni moja kati ya hizi: uliweke boksi la kampuni kwenye bridge, yaani liache kugawa namba, libaki kupitisha tu na ruta yako ifanye kazi yote, au uiweke ruta yako mpya kama akses pointi ya waifai tu na kufowadi poti (kuielekeza poti ya nje kwa kifaa fulani cha ndani) ufanyie kwenye boksi la kampuni, au ufowadi kwenye zote mbili, la nje lielekeze kwenye ruta na ruta ielekeze kwenye konsoli. Mimi nilichagua bridge. Tahadhari hapa, kama laini yako inatumia PPPoE (njia ya kuunganisha laini kwa jina na nywila), siku unaweka bridge lazima uwe na jina la mtumiaji na nywila ya laini, uvijaze kwenye ruta yako, bila hivo intaneti inakata nyumba nzima. Viulize kwanza kampuni, viandike, ndo uguse kitu. Wengine wanatumia na namba ya VLAN (lebo ya laini kwenye mtandao wa kampuni), nayo iulize hapohapo. Upande wa ruta hii sehemu ya kujaza PPPoE iko wazi na ilikubali mara ya kwanza.

Ikawaka. Nikaenda mbio kwenye ule mstari wa WAN. 100.72 na kuendelea.

Nilifurahi nikidhani hiyo sasa ni namba ya kweli ya intaneti, nikapima, Strict. Hapo nilikaa nikaanza kusoma vizuri. Namba za 100.64 mpaka 100.127 zilitengwa mwaka 2012 maalum kwa makampuni ya intaneti, wanazitumia kuwaweka wateja wengi nyuma ya IP moja ya umma, ndo hiyo inaitwa CGNAT. Sababu yake sio roho mbaya, anwani za IPv4 ni kama bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima na akiba kuu iliisha Februari 2011, kwa hiyo wanagawana. Ila kwa mchezaji maana yake ni kwamba kuna geti la tatu, na hilo haliko nyumbani kwako, hakuna ruta ya bei yoyote, hakuna poti fowadi, hakuna DMZ (kukiachia kifaa kimoja poti zote) itakayolifungua. Kipimo chake ni rahisi: soma IP kwenye WAN ya ruta yako, halafu fungua tovuti yoyote inayokuonyesha IP yako, zikilingana wewe uko moja kwa moja, zikitofautiana kuna mtu mbele yako. Dakika mbili tu. Ningelifanya kabla ya kununua ningejua tatizo langu la kwanza liko wapi.

Nikapiga simu kwa kampuni. Dada aliyepokea akaanza na "kaka umejaribu kuzima na kuwasha?", nikamwambia "nimeshazima dada yangu, shida sio hiyo, ruta yangu upande wa WAN inasoma mia moja nukta sabini na mbili, na tovuti inanionyesha namba nyingine kabisa, naomba nitolewe kwenye CGNAT nipewe IP ya umma". Akanyamaza kidogo akasema "subiri kaka nikuunganishe na mafundi". Fundi alielewa sentensi ya kwanza. Nasisitiza hili kwa sababu simu mbili za mwanzo nilizopiga nilisema tu "intaneti haifai kwa gemu" nikaishia kupimiwa spidi, spidi ikawa nzuri, wakafunga tiketi. Ukitaja namba ulizoziona na ukataja CGNAT kwa jina unafika kwa mtu sahihi. Kesho yake mchana walinibadilishia, nikazima ruta dakika chache, nikawasha, WAN ikaja na namba ileile tovuti inayoniambia. Nikapima konsoli: Open. Usiku huo mdogo wangu alinisikia vizuri tukacheza mpaka saa nane.

Sasa tuje kwenye ruta yenyewe inavofanya kazi ikiwa imepata njia safi.

UPnP yake ni nzuri na ina jedwali. Yaani unaona kabisa kifaa gani kimeomba poti gani, mfano naona konsoli imeomba UDP 3074 (UDP na TCP ni namna mbili za kutuma data), kompyuta imeomba yake. Ruta nyingi zina kitufe tu cha kuwasha na kuzima bila kukuonyesha nini kinaendelea. Kwa jedwali hilo nilitatua shida ya konsoli mbili nyumbani, maana moja ikichukua 3074 ya pili inakosa na inashuka kuwa Moderate au Strict, kosa ni kufowadi 3074 kwa mkono kwenda konsoli moja halafu unategemea ya pili ijitafutie. Nilifuta sheria ya mkono, nikaacha UPnP peke yake, na kwenye Xbox ya pili nikaingia setingi za juu za mtandao kuna sehemu ya kuchagua poti mbadala, nikachagua nyingine, zote mbili zikawa Open kwa wakati mmoja. Ila UPnP haiulizi nywila, kifaa chochote kilicho ndani kinaweza kujifungulia poti, kamera ya bei rahisi, programu mbovu kwenye kompyuta, chochote. Ndo maana nalipenda hilo jedwali, nalikagua mara kwa mara, na nikiona kitu nisichokijua nakifuatilia.

Kufowadi kwa mkono hapa ndo nina malalamiko. Nilitaka kufungua seva ya Minecraft kwenye kompyuta yangu ili mdogo wangu na marafiki zake waingie. Toleo la Java linatumia TCP 25565, lile la Bedrock la simu na konsoli ni UDP 19132, ukikosea TCP na UDP utakesha. Ukurasa wa ruta una sehemu ya poti ya nje, poti ya ndani, itifaki, na IP ya kifaa, sawa. Lakini ukibonyeza Hifadhi kwenye mstari haijahifadhi, kuna kitufe kingine juu kabisa ya ukurasa cha Tekeleza, bila hicho ukitoka ukurasani sheria inapotea kimyakimya. Nilipoteza jioni nzima kwa ajili ya kitufe. Halafu haikukumbushi kwamba IP ya kompyuta inaweza kubadilika, leo ni .23 kesho .31, na sheria yako inabaki inaelekeza kwenye .23 ambako hakuna mtu. Lazima uende menyu nyingine ya DHCP (inayogawa namba za IP) ukaifungie kompyuta namba moja kwa MAC yake (namba ya utambulisho ya kifaa). Na kwenye kompyuta au simu zima ile ya MAC ya kubadilikabadilika kwa mtandao wa nyumbani, la sivyo kufungia kwako hakushiki. Ruta nzuri ingeunganisha hivi vitu viwili sehemu moja.

Nikamaliza yote nikapima kwenye tovuti ya kukagua poti: imefungwa. Nikabadilisha, nikarudia, imefungwa. Kumbe seva ilikuwa imezimwa, na poti ambayo hakuna programu inayoisikiliza itaonekana imefungwa hata kama ruta imefunguliwa vizuri. Kwa hiyo washa seva kwanza ndo upime. Nikawasha, bado imefungwa. Hii ya sasa ilikuwa faiwoli ya Windows (kizuizi cha miunganisho kwenye kompyuta), waifai yangu ilikuwa imewekwa kama mtandao wa hadharani badala ya wa binafsi na Java ilikuwa imeruhusiwa kwenye wa binafsi tu. Nikabadilisha hapo, ikafunguka. Halafu nikajaribu mwenyewe kuingia kwa kutumia IP ya umma nikiwa nyumbani, ikagoma, wakati mdogo wangu kule alikuwa ameshaingia anakata miti! Hii ruta haina NAT ya kurudi ndani, ukiwa ndani ya nyumba hauwezi kupita nje ukarudi, lazima uingie kwa IP ya ndani. Ni upungufu kwa ruta ya daraja hili, na mtu asiyejua atadhani poti imegoma atavuruga setingi zilizokuwa sahihi. Kama unataka kupima, zima waifai ya simu, tumia data ya simu, hapo unakuwa mtu wa nje kweli. Na kwa gemu za UDP kama Valheim, inayoanzia 2456, tovuti za kukagua zinakudanganya maana UDP haina lazima ya kujibu, mpime na rafiki.

DMZ ipo, kitufe kimoja, na naona watu wengi wanashauriana "weka DMZ yaishe". Kwa konsoli sina ugomvi sana, kwa kompyuta nakuomba usifanye, unaiweka kompyuta yako mbele ya intaneti nzima poti zote kwa ajili ya gemu inayohitaji poti moja. Itumie dakika tano kama kipimo tu: ukiweka DMZ NAT ikawa Open, jua kosa liko kwenye sheria zako za poti, ukiweka na bado ni Strict jua kosa liko nje ya ruta, rudi kwenye ule mstari wa WAN.

Kile kitufe cha modi ya gemu. Hapa niseme wazi, kufungua poti hakushushi pingi, ni vitu viwili tofauti, poti ni nani anaruhusiwa kukufikia, pingi ni safari inachukua muda gani, na hakuna ruta inayofupisha umbali wa kwenda kwenye seva. Kinachowezekana ni kuzuia pingi isipande mtu mwingine nyumbani akipandisha video. Kwangu pingi ya kawaida ni milisekunde 38, simu ikianza kupandisha picha ilikuwa inaruka mpaka 240, mtu anakupiga risasi hata hujamuona. Modi ya gemu kama ilivokuja haikubadilisha chochote. Kilichobadilisha ni kuingia ndani yake, kukuta sehemu ya kuweka kikomo cha spidi, nikaweka asilimia 90 ya spidi yangu halisi ya kupakua na ya kupandisha, ili foleni ijengeke ndani ya ruta inayojua kugawa na sio kwenye vifaa vya kampuni. Baada ya hapo ikipanda sana inafika 50. Hilo ni badiliko nililolisikia mkononi kwenye kidhibiti usiku uleule. Sasa kwa nini wasiliweke kwenye boksi kwa maandishi makubwa, badala ya antena, sielewi. Na konsoli nimeiwekea kebo, waifai hata iwe nzuri vipi ina kushtukashtuka kwake.

Kasoro nyingine: apu yake ya simu inakulazimisha ufungue akaunti na haina nusu ya setingi, tumia kompyuta. Inapata joto, nimeisimamisha mahali penye hewa.

Kama kampuni yako imekataa katakata kukupa IP ya umma, usinunue ruta hii wala nyingine kwa ajili ya NAT, haitakusaidia. Uliza kama wana IPv6 (mfumo wa anwani uliokuja baada ya IPv4), huko hakuna kugawana namba, unafungua tu faiwoli ya IPv6 kwenye ruta, mradi gemu yenyewe na wenzako wanaitumia. Kwa seva ya Minecraft ya marafiki wachache wekeni ZeroTier au Tailscale, programu za kuunganisha kompyuta za mbali kwenye mtandao mmoja wa binafsi, kwenye kompyuta zenu, mnaonana kama mko nyumba moja bila kufungua poti hata moja, nimeshamwekea rafiki yangu aliyekwama hivohivo na wanacheza. Kwa konsoli njia hiyo ni ngumu zaidi, hapo ni kuendelea kuibana kampuni.

Nyota nne kati ya tano kwa ukurasa wa WAN, jedwali la UPnP na kile kikomo cha spidi. Ya tano nimeizuia kwa sababu mwezi wa tano wa kuitumia ilijiapdeti femuwea (programu ya ndani ya ruta) usiku, asubuhi sheria zangu zote za poti na namba za DHCP zilikuwa zimefutika, mdogo wangu ndo aliyenishtua kwamba seva haipatikani. Nimewaandikia watengenezaji mara mbili na nasubiri jibu. Kwa sasa nimezima apdeti za kujiendesha, naziweka mwenyewe mchana, na kabla ya kila moja napakua faili la setingi na kupiga picha ule ukurasa wa poti kwa simu.